Msumeno wa pembe wa mtumba: shajara ya karakana, Februari 2025

Tarehe 3

Leo mwenye nyumba ya wageni kule Raskazone, hapa Tanga, ameleta malipo ya awali, kwa hiyo kazi imekuwa yangu. Fremu 36 za picha, zote za mtiki, upana wa ubao milimita 50, pamoja na mapambo ya kuzungushia milango 14, ndani na nje. Anataka vyote viwe vimekwisha kabla ya Idi, na Ramadhani inaingia mwanzoni mwa Machi.

Usiku nimekaa na kalamu. Fremu moja ina vipande vinne, na kila kipande hukatwa pembe ya nyuzi 45 ncha zote mbili. Hiyo ni mikato 8. Kwa fremu 36 ni mikato 288. Mlango, kwa upande mmoja, una kona mbili za juu, yaani mikato minne. Pande mbili ni minane. Milango 14 ni mikato 112. Jumla 400, bila kuhesabu vipande vitakavyoharibika.

Mpaka leo pembe zote za karakana hii ya Makorora nimezikata kwa mkono: sanduku la kukatia pembe, msumeno wa mgongo, kisha randa juu ya ubao wa kunyooshea mpaka uso wa mkato utulie. Naipenda kazi hiyo. Kona iliyomalizwa kwa randa iliyonolewa vizuri inang'aa, na gundi ikishika huoni mstari. Lakini mkato mmoja hunichukua dakika sita, na mtiki ukiwa mkavu huzidi hapo. Mikato 400 kwa dakika sita ni saa 40. Mashine ingekata kwa dakika moja, hata ukihesabu na kupima: saa saba hivi. Tofauti ya saa 33 ni karibu wiki nzima ya kijana wangu, na wiki hiyo sina.

Kwa hiyo nimeanza kutafuta msumeno wa pembe, ile mashine ya umeme yenye bledi ya mviringo inayoshushwa juu ya ubao kwa nyuzi unazozipanga. Kikomo changu ni shilingi 600,000, na humo ndani ziwemo bledi, waya na matengenezo yoyote.

Tarehe 5

Nimezunguka maduka ya vifaa mjini. Mpya zipo za namna mbili. Kuna za bei ya 400,000 na kitu, ambazo nimezishika kwa mikono yangu dukani: mota ina nguvu ya kutosha, rangi inameta, lakini ukishika mpini ukausukuma kulia na kushoto, kichwa chote kinacheza. Nimejaribu mbili na zote zilikuwa hivyo. Kisha kuna zile ambazo mafundi wa Keko, Dar es Salaam, huzisifia. Hizo bei yake inapita milioni moja, na bado hujanunua bledi nzuri.

Hapo katikati pamebaki mtumba.

Kuna kitu nataka nikiandike mapema, maana ndicho kitakachoniongoza. Katika mashine ya namna hii vitu vingi vinabadilishika. Kaboni, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye mota inayozunguka, zikiisha unanunua nyingine. Beringi zina namba, unaipeleka namba dukani unapewa. Swichi, waya, hata amecha, ile sehemu ya mota yenye koili inayozunguka, inasukwa upya kwa mafundi wa mota. Kisichobadilishika ni lile chuma lililomiminwa: kitako, meza inayozunguka, na bawaba inayobeba kichwa. Bawaba ikichoka hakuna duka Tanga litakalokuuzia nyingine. Ninapokwenda kutazama msumeno wa mtumba ninanunua ile bawaba kwanza. Mota ni mgeni wake tu.

Tarehe 8

Nimepigiwa simu na dalali. Mashine imetoka Uingereza, safi, 280,000. Nilikwenda mbio.

Kweli ilikuwa safi. Bawaba imekaza, egemeo la kuegemezea ubao limenyooka, meza inazunguka kama ina mafuta ya nazi. Nikafuata waya mpaka mwisho wake, nikakuta plagi kubwa ya mviringo ya rangi ya njano. Nikageuza mashine nikasoma kibati: volti 110.

Wasiojua wajue. Kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza vifaa vingi vya umeme hutumia volti 110 kutoka kwenye transfoma maalumu. Transfoma ile imegawanywa katikati na kuunganishwa ardhini, ili mtu akiguswa na waya mmoja apate volti 55 tu na si 230. Ni utaratibu mzuri unaookoa maisha, na plagi zao huwa za njano ili zijulikane. Lakini mashine hiyo ikija kwetu ikachomekwa kwenye soketi ya volti 230, inapewa umeme mara mbili ya ule iliotengenezewa, na nguvu inayomwagwa ndani ya koili ni zaidi ya mara nne. Haidumu. Utanusa moshi kabla hujamaliza ubao wa kwanza. Zile za Japani nazo ni volti 100, shida ni ileile. Kuhusu hezi 50 au 60 usihangaike sana kwa mashine hizi za kaboni; mota yake haijali. Inajali volti.

Dalali akaniambia, "Fundi, watu wanakata ile plagi wanaweka ya kwetu, inafanya kazi." Nimemwomba asimwambie mtu mwingine maneno hayo. Nina hakika hakuwa na nia mbaya, hakujua tu, na nilimwonyesha kibati tukasoma pamoja.

Je, transfoma? Msumeno wenye kuvuta wati 1,650 kwenye volti 110 unataka ampea 15, kwa hiyo transfoma ya kilovolti-ampea 3 na zaidi. Niliulizia, nikatajiwa 350,000 kwa iliyotumika, nayo ni mzigo wa kubebwa na watu wawili. Jumla 630,000 kabla ya bledi. Nimeiacha, na nimeiacha kwa uchungu, maana bawaba ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoshika.

Tarehe 12

Ngamiani. Muuzaji wa vifaa vilivyotumika ana msumeno wa kampuni ya Kijapani, lakini uliotengenezewa soko la Ulaya: volti 230, wati 1,650, mizunguko 4,600 kwa dakika, bledi ya milimita 255. Anataka 520,000. Nimemwomba anipe saa moja nayo na soketi, akakubali. Nilikwenda na rula ya chuma, skwea yangu, vernia ya kupimia unene, filageji (bapa nyembamba za chuma za kupimia uwazi) na vipande viwili vya mninga vilivyonyooshwa.

Kabla ya kuwasha nilinusa matundu ya hewa ya mota. Amecha iliyoungua ina harufu yake ya vanishi chungu na haitoki hata ipulizwe vipi. Hakukuwa na harufu hiyo. Nilitoa plagi, nikazungusha bledi kwa mkono, sikio likiwa karibu. Beringi iliyokufa husaga kama mchanga. Hii ilizunguka kimya. Nikafungua vifuniko vya kaboni. Moja ilikuwa imebaki milimita 5, ya pili chini ya hapo. Hilo si baya, linasema mashine imefanya kazi na haijafunguliwafunguliwa.

Kisha tukawasha. Nilimwomba muuzaji afunge mlango wa duka kidogo ili pawe na giza, nikatazama cheche kupitia matundu. Cheche ndogo za bluu penye kaboni ni kawaida. Ukiona duara zima la moto linazunguka, amecha ina shoti, ondoka. Hii ilikuwa na cheche kubwa kidogo, zenye rangi ya chungwa, lakini penye kaboni tu. Kaboni fupi hufanya hivyo. Alipozima, bledi iliendelea kuzunguka muda mrefu. Haina breki.

Kufikia hapo moyo ulikuwa umeshaipenda. Ndipo nikaanza kupima.

Egemeo: niliweka rula ya chuma mbele yake, nikapitisha filageji. Katikati limeingia ndani milimita 0.7. Pengine liliwahi kuanguka au kugongwa.

Vituo vya nyuzi: meza ina mapengo ambamo ulimi wa chuma huingia na kukaza kwenye 0, 15, 22.5, 30 na 45. Nilikata vipande viwili vya mninga, kimoja kwenye 45 ya kushoto na kingine 45 ya kulia, nikaviunganisha ndani ya skwea. Kwa kila milimita 100 za mkono wa skwea mwanga ulipita wa nusu milimita. Ni kama theluthi moja ya nyuzi. Nikarudia kila upande peke yake: kulia ni sahihi, kushoto pengo limelika. Aliyekuwa nayo alikata zaidi kushoto, inaonekana.

Bawaba: nilishusha kichwa, nikakisukuma pembeni kwa kidole, nikapima kwenye ukingo wa bledi. Inacheza milimita 0.4.

Na kubwa kuliko yote, kinga ya chini ya bledi haipo. Si kwamba imekwama au springi yake imelegea. Imefunguliwa ikaondolewa, na matundu ya skrubu yamebaki wazi.

Nilimuuliza muuzaji. Akasema, "Ilikuja hivyohivyo, kaka. Wengi wanaitoa maana inaziba macho wakati wa kukata."

Sikubishana naye dukani. Lakini naandika hapa nilichokuwa nafikiri. Bledi ya milimita 255 kwa mizunguko 4,600 ina kasi ya mita 61 kwa sekunde penye meno, zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Haina breki, kwa hiyo baada ya kuachia swichi meno hayo yanaendelea kwenda, yakiwa wazi, sentimita chache kutoka kwenye mkono unaotoa kipande. Mzee aliyenifundisha kazi hii hana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kijana wangu ana miaka 19 na mama yake alinikabidhi mwenyewe, akaniambia nimtunze. Mashine isiyo na kinga haiingii karakana yangu hata ikitolewa bure.

Nimemwambia muuzaji: pata kinga na springi yake, ndipo tuzungumze bei.

Tarehe 13

Nimefanya hesabu ya ile theluthi ya nyuzi. Kwa fremu, kila kona ina kipande kimoja kilichokatwa kushoto na kimoja kulia. Kosa la kila kona ni theluthi moja ya nyuzi tu, huwezi kuliona. Ila fremu ni duara lililofungwa: makosa manne yanajumlishana yanakuja kukutana kwenye kona ya mwisho. Nyuzi 1.2 kwenye mshazari wenye urefu wa milimita 71 ni uwazi wa milimita moja na nusu. Mteja anaweza kuingiza sarafu. Na ndiyo maana fundi anayepima kona moja kwa skwea na kuridhika hushangaa gundi ikishakauka.

Kijana amependekeza tuzibe kwa unga wa mbao na gundi. Nimemwambia hapana, tena kwa mtiki ndiyo kabisa. Mtiki una mafuta. Gundi yenyewe hushika vizuri ukiufuta kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka, na kiraka cha unga hubaki alama nyeupe chini ya vanishi milele.

Lakini pengo la kushoto lina njia ya kulikwepa. Nitengeneze kitako cha plaiwudi kinachobanwa juu ya meza ya mashine, juu yake mbao mbili za kuegemezea zilizokutana kwa nyuzi 90 kama paa la nyumba, ncha ikielekea nyuma. Msumeno unabaki kwenye 0 na kupita kwenye ncha ya paa. Kipande kimoja kinakatwa kikiegemea kushoto, mwenzake kikiegemea kulia. Hata msumeno ukiwa umegeuka kidogo kutoka kwenye 0, upande mmoja ukipata nyuzi 45.2, wa pili unapata 44.8, na vikikutana ni 90 kamili. Usahihi wote unahamia kwenye zile mbao mbili, na hizo nazinyoosha mwenyewe kwa randa.

Egemeo lililoingia ndani nalo si kifo. Nafunga juu yake ubao wa mninga ulionyooka, nyuma yake karatasi za kujazia. Kwa mapambo ya milango, ambayo ni marefu mno kwa kile kitako, nitafunga meza kwa mpini na kuipanga kwa skwea bila kutegemea pengo lililolika. Mlango una kona mbili tu na haufungi duara, kosa dogo halina pa kujikusanya.

Kwa hiyo limebaki swali moja. Milimita 0.4 za bawaba. Kama zinatoka kwenye nati iliyolegea, nanunua. Kama tundu la chuma chenyewe limelika likawa na umbo la yai, siinunui hata kwa 200,000.

Tarehe 14

Muuzaji amepiga simu. Ana mashine nyingine ya aina ileile iliyoungua mota, stoo, na kinga yake nzima. Amekubali nije kufungua bawaba kwa sharti niache 50,000 ya kushikilia, atakayoirudisha nisiponunua. Tumekubaliana mbele ya jirani yake.

Tarehe 17

Nimemchukua fundi wa kereza kutoka Gofu, nimemlipa muda wake. Tumefungua pini ya bawaba pale dukani, juu ya gazeti. Ilikuwa imekaukiwa na grisi, unga wa mbao umegandamana ndani ukawa kama saruji. Aliisafisha kwa mafuta ya taa, akaipima kwa vernia sehemu tatu. Pini imelika kidogo upande mmoja, tundu la chuma halijalika. Nilipumua.

Akasema atakereza pini mpya, 30,000, na kwamba ile nati ya pembeni ilikuwa imelegea pia. Tulirudisha pini ya zamani kwa muda, tukakaza nati, tukapima tena: kutoka 0.4 imeshuka mpaka 0.15. Na pini mpya itashuka zaidi.

Tulipomaliza tukajaribu ile kinga ya mashine iliyoungua. Imeingia. Springi inavuta. Ukishusha kichwa inafunguka yenyewe, ukiinua inarudi kufunika meno. Nimeifungua na kuifunga labda mara thelathini, muuzaji ananiangalia.

Tarehe 18

Nimekwenda Pongwe kumwona mzee. Sinunui chombo kikubwa bila kumweleza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Habari za Makorora?"

Nilimsimulia yote, mpaka pini. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: baada ya fremu hizi 36, una kazi gani ya pembe? Nikamtajia: fremu za vioo za yule mama wa saluni, madirisha ya jirani, na kwamba kila mwezi sikosi kazi mbili tatu za mapambo. Akasema hizo ni za sanduku la mkono, hazihitaji umeme. Nikanyamaza.

Halafu akauliza, "Na zile ulizokataa?"

Hapo nilikumbuka. Mwaka jana peke yake nilikataa kazi tatu za milango mingi kwa sababu ya muda. Moja ilikuwa ya nyumba nzima, Chumbageni. Sikuwahi kuziandika popote, kwa hiyo sikuzihesabu. Mzee akasema basi hesabu yako haijakamilika, nenda ukaimalize. Hakusema nunua, hakusema usinunue. Akanishika mkono kwa ule mkono wake wa kushoto tulipoagana, na akanisisitizia habari ya kinga, mara mbili.

Njiani nimeihesabu. Kazi moja tu kati ya zile tatu ingelipa mashine hii na bledi yake.

Nyumbani mke wangu ana wasiwasi na LUKU, umeme wa kulipia kabla, na ni haki yake, mita ni moja kwa nyumba na karakana. Tumepiga hesabu pamoja. Msumeno unavuta wati 1,650 pale tu bledi inapozunguka. Mkato mmoja ni kama sekunde tano. Mikato 400 ni sekunde 2,000, nusu saa na kidogo: haifiki uniti moja. Tuseme mbili, na majaribio. Amekubali. Feni inakula zaidi.

Tarehe 20

Nimenunua.

Alianza 520,000. Nikamwekea mezani: pini mpya, kaboni, egemeo lililopinda, pengo lililolika, na bledi iliyokuja nayo ambayo imepinda haifai hata kuni. Nikamwambia 350,000.

"Kaka, na kinga nimekutolea kwenye mashine nyingine. Hiyo nayo ni mali."

Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Tukaishia 390,000, kinga ndani yake. Nimepewa risiti yenye namba ya mashine.

Matumizi mpaka sasa: mashine 390,000, pini ya kereza 30,000, kaboni 8,000, waya na plagi 32,000, bledi 95,000. Jumla 555,000. Zimebaki 45,000, zimeenda kwenye plaiwudi na miwani miwili ya kazi na barakoa, maana vumbi la mtiki linawasha pua na ngozi.

Kuhusu bledi nataka nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huokoa pesa mahali pasipofaa. Ya meno 24 inakata haraka na kuacha uso wa nyuzinyuzi. Hiyo ni ya kenchi. Nimechukua ya meno 60. Meno ni ya kabaidi, maana mtiki una chembe za silika ndani yake zinazomaliza chuma cha kawaida upesi, muulize yeyote anayepasua mbao za shamba la mtiki la Longuza. Meno yameinamia nyuma kidogo badala ya kuelekea mbele, hivyo hayanyakui ubao na kuuinua. Tundu la katikati ni milimita 30 kama ekseli yangu. Dukani zilikuwepo pia za 25.4, na mtu asiyepima hurudi nyumbani na bledi isiyoingia. Na kasi iliyoandikwa juu yake ni kubwa kuliko 4,600 ya mashine. Ikiwa ndogo, usiifunge.

Waya nimechukua wa milimita mraba 2.5. Ule mwembamba wa kuchomekea redio ungepunguza volti mota inapoanza kuvuta, na mota yenye njaa ya volti hupata joto.

Tarehe 23

Siku mbili za kupanga. Pini mpya imeingia kwa kubonyezwa na kidole gumba, grisi imejaa. Mchezo kwenye ukingo wa bledi: milimita 0.05 hivi, sioni tena kwa jicho. Kaboni mpya nimeziacha zizunguke bila mzigo, dakika moja moja, mpaka zikakaa. Cheche zimerudi kuwa ndogo na za bluu.

Mashine imefungwa kwa bolti nne kwenye benchi, na pande zote mbili nimeweka vitako vya mbao vya kimo kimoja na meza yake. Kipande kirefu kisichoshikwa mwishoni huinama, na ukishakata huibana bledi.

Kitako cha paa kimenichukua mchana kutwa. Mbao za kuegemezea ni mninga. Nilibana moja, nikaipanga ya pili kwa skwea, nikaweka skrubu moja tu, nikakata fremu ya majaribio ya vipande vya saipresi. Kona ya nne ilibaki na uwazi wa milimita 0.6. Nikausogeza ubao wa kulia kwa unene wa karatasi moja. Fremu ya pili: 0.2. Karatasi nyingine, nusu yake safari hii. Fremu ya tatu ilifunga. Filageji ya 0.1 haikupita kona yoyote. Nimeita watu wa nyumbani waje kuitazama, fremu tupu ya saipresi isiyo na picha wala kioo. Nikatia skrubu zilizobaki.

Tarehe 27

Fremu 12 za mtiki zimekatwa na kuunganishwa. Kila jozi ya vipande inayotazamana imekatwa kwa kizuizi kimoja cha urefu, maana pembe sahihi hazisaidii kitu kama urefu umetofautiana hata kwa nusu milimita. Moja niliiharibu mwenyewe: nilikata kipande upande usio wa hatua ya kukalia kioo. Kipande kimoja cha sentimita 60 kimekwenda na kitakuwa cha fremu ndogo.

Kwa kuwa haina breki, tumeweka sheria na kuibandika ukutani: achia swichi, kichwa kibaki chini, hesabu mpaka bledi isimame, ndipo inua, ndipo toa kipande. Nimepima kwa saa: sekunde tisa. Mwanzoni tisa ni nyingi, mkono unawasha kutaka kutoa. Kijana amekata vipande nane vya mwisho leo, mimi nikiwa nyuma yake nahesabu kwa sauti. Kufikia kipande cha tano alikuwa anahesabu mwenyewe.

Uso wa mkato unatoka laini, si kama wa randa lakini karibu. Kwa fremu za sebuleni, zile nne kubwa, bado napitisha randa mara moja kila ncha. Hazichukui hata dakika moja kila moja.

Mbao za mapambo ya milango nimezipanga kivulini na vijiti katikati, bado zina unyevu kidogo na sitaki zinyauke zikiwa ukutani. Jumatatu tutaendelea na fremu. Mikato 96 imekwisha, imebaki 304.